Karamu ya Mizuka na Macho ya Watazamaji

Mwaka 1933 studio ya ndugu wawili, Max na Dave Fleischer, katika jiji la New York, ilitoa filamu fupi ya katuni iliyoitwa Betty Boop's Hallowe'en Party. Filamu hiyo ni ya rangi nyeusi na nyeupe, nayo humalizika katika muda wa dakika chache tu. Kisa chake ni chepesi. Usiku wa upepo mkali, sanamu ya kutishia ndege inatetemeka kwa baridi katikati ya shamba. Barua ya mwaliko inaifikia, nayo inashika njia kwenda karamuni kwa msichana aitwaye Betty. Huko kuna maboga yaliyochongwa nyuso, kuna mapambo ya wachawi na paka weusi. Wageni wanacheza na kufurahi mpaka linapoingia jitu moja kubwa lisiloalikwa na kuanza kuwaonea wenzake. Ndipo mizuka inapotokea na kulitisha jitu hilo, na karamu inasalimika.

Sikukuu inayosherehekewa katika filamu hiyo huangukia tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote. Mila zake nyingi zilitoka Ireland na Scotland, ambako watu walichonga nyuso za kutisha katika mizizi minene ya mboga za shambani na kutia mshumaa ndani. Wahamiaji walipofika Marekani walilikuta boga, ambalo ni tunda la asili ya bara lile, nalo ni kubwa zaidi na jepesi kuchongwa. Tangu hapo boga likawa alama ya usiku huo. Katika milima ya Usambara tarehe hiyo haina mizuka. Kwa Walutheri wa huko ni siku ya kukumbuka Matengenezo ya Kanisa yaliyoanzishwa na Martin Luther mwaka 1517. Maboga, kwa upande wake, huishia chunguni.

Sasa tuchukulie kwamba filamu hii inaonyeshwa usiku mmoja juu ya ukuta uliopakwa chokaa kijijini Malindi, wilaya ya Lushoto, na kwamba miongoni mwa watazamaji yumo mzee ambaye hajapata kuona sinema maishani mwake. Malindi inayosemwa hapa si mji ule wa pwani ya Kenya, bali ni ile iliyoko kwenye barabara itokayo Lushoto kupitia Magamba kuelekea Lukozi, katika nchi ya kabichi, viazi na matunda ya baridi, ambako ukungu wa mwezi wa Julai humtetemesha hata mtu mwenye koti. Je, mzee huyo ataona nini?

Swali hili si la mchezo. Liliulizwa kwa dhati katika milima hiyo hiyo ya Usambara miaka miwili tu baada ya filamu hiyo kutolewa, na majibu yaliyokubaliwa na watawala wa kikoloni yaliongoza utengenezaji wa sinema za elimu katika Afrika kwa muda mrefu. Kosa la wakati ule lilikuwa kulichukua swali kana kwamba ni moja. Kwa hakika ni matatu. La kwanza: je, macho ya mzee yataona mwendo mahali ambapo pana michoro iliyotulia tu? La pili: je, atatambua kwamba mistari ile ni mtu, paka au boga? La tatu: je, atakielewa kisa? Kila swali lina jibu lake, na majibu hayo hayatoki mahali pamoja.

Kijinga cha moto

Watoto wa kila kijiji wanaujua mchezo wa kuchukua kijinga chenye kaa jekundu na kukizungusha gizani. Kikizungushwa polepole, jicho huona nukta ya moto ikitembea. Kikizungushwa kwa kasi, nukta hupotea na mahali pake hutokea duara zima la moto. Mwaka 1765 mtaalamu mmoja aliyefanya kazi Ufaransa, Patrice d'Arcy, alifunga kaa la moto kwenye chombo cha kuzungusha na kupima kasi inayohitajika ili duara likamilike. Alipata kwamba athari ya mwanga hubaki machoni kwa muda wa sekunde 0.13 hivi baada ya mwanga wenyewe kuondoka.

Jambo hilo hilo huonekana katika kichezeo kilichouzwa London tangu mwaka 1825. Kinaweza kutengenezwa kwa dakika tano. Hukatwa duara la karatasi ngumu, likatobolewa pande mbili na kufungwa nyuzi. Upande mmoja huchorwa boga tupu. Upande wa pili huchorwa macho, pua na meno, lakini kichwa chini. Nyuzi zikisokotwa kwa vidole, duara huzunguka upesi na boga hupata uso. Macho hayakuona mwendo wowote hapo. Yameunganisha picha mbili kuwa moja kwa sababu ya kwanza ilikuwa haijafutika wakati ya pili ilipofika.

Kwa zaidi ya miaka mia moja vitabu vingi vilieleza kwamba sinema nayo hufanya kazi hivyo: picha ya kwanza hubaki jichoni, ya pili huifuata, na kwa kuungana kwake mwendo huonekana. Maelezo haya yanarudiwa mpaka leo, nayo hayatoshi. Kama kubaki kwa mwanga jichoni ndiko kunakoleta mwendo, basi mtu anayetazama katuni ya Betty angeona mikono yake yote ya sekunde ile imerundikana, kama picha iliyopigwa mara nyingi juu ya karatasi moja. Kijinga cha moto kilichozungushwa upesi hakionekani kutembea. Kinaonekana duara lililotulia. Kuunganisha picha ni jambo moja, na kuona mwendo ni jambo jingine.

Walinzi wawili wa barabara

Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya mjini Frankfurt. Aliwaonyesha watu mistari miwili ya mwanga iliyowaka kwa zamu, mmoja kando ya mwingine. Ilipowaka kwa kufuatana polepole sana, watu waliona mistari miwili, mmoja baada ya mwingine. Ilipowaka kwa upesi mno, waliona miwili kwa pamoja. Baina ya mipaka hiyo, muda wa kati ulipofikia kama sehemu 60 za sekunde elfu moja, waliona mstari mmoja tu ukihama kutoka upande huu kwenda upande ule. Hapakuwa na kitu kilichohama. Mwendo ulitengenezwa ndani ya mtazamaji.

Njia ya kuutengeneza inaweza kuelezwa kwa mfano. Tuseme mkuu wa ushuru amekaa ofisini Lushoto, haoni barabara. Ana walinzi wawili, mmoja Magamba na mmoja Malindi. Kila mmoja ana kazi moja tu: kupiga simu lori likipita mbele yake. Simu ya Magamba ikilia kwanza, na ya Malindi ikifuata baada ya muda unaolingana na safari, mkuu huandika kwamba lori linapanda kwenda Lukozi. Simu zikilia kwa mpango wa kinyume, huandika kwamba linashuka. Hakuna mlinzi aliyeona safari nzima, wala mkuu hakuona chochote. Hata hivyo habari ya mwendo ni sahihi. Lakini ikiwa lori la kwanza limeingia kichochoroni baada ya kupita Magamba, na lori jingine linalofanana nalo limetokea kwenye shamba lililo karibu na Malindi kwa wakati ule ule uliotarajiwa, mkuu ataandika maneno yale yale. Amedanganyika, na hana njia ya kujua.

Katika Ujerumani, mwaka 1956, Bernhard Hassenstein na Werner Reichardt walionyesha kwamba macho ya mdudu, mbawakavu mdogo, hupokea mwendo kwa hesabu ya namna hii: habari za sehemu mbili zilizo jirani hulinganishwa baada ya moja kucheleweshwa kidogo. Ubongo wa binadamu una mitambo yake ya kazi hiyo, iliyo migumu zaidi, lakini msingi ni huo. Filamu ya katuni ni lori la pili. Mkono wa Betty katika picha ya kumi uko hapa, katika picha ya kumi na moja uko kando kidogo, na walinzi waliomo katika mishipa ya fahamu wanatoa taarifa ya mwendo ambao haukutokea.

Kwamba kuona mwendo ni kazi ya pekee ya ubongo, iliyo mbali na kuona umbo na rangi, kulithibitishwa kwa njia ya kuhuzunisha. Mwaka 1983 madaktari wa Ujerumani walichapisha habari za mwanamke ambaye sehemu fulani za ubongo wake, za upande wa nyuma, zilikuwa zimeharibika pande zote mbili. Aliona watu, vitu na rangi, lakini hakuweza kuona mwendo. Kumimina chai kulimshinda, kwa sababu chai ilionekana imeganda hewani kama barafu, na hakuweza kuona ikipanda ndani ya kikombe. Barabarani gari lilikuwa mbali, kisha kwa ghafla lilikuwa karibu. Kwa mgonjwa huyo ulimwengu mzima ulikuwa kama ukanda wa filamu uliosimama.

Jibu la swali la kwanza basi ni wazi. Mzee wa Malindi ataona Betty akicheza, kama atakavyomwona mtu wa New York, na kwa sababu ile ile inayomwezesha kumwona kima akivuka shamba la mahindi. Uwezo huo haufundishwi shuleni. Mtoto mchanga huanza kuuonyesha katika miezi ya kwanza ya maisha, na mbawakavu anao bila kwenda sinema.

Michoro elfu nne kwa dakika chache

Filamu ya sauti hupita mbele ya taa kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Baina ya picha na picha kifuniko kinachozunguka huziba mwanga ili watazamaji wasione filamu ikivutwa. Tena kifuniko hicho huikata kila picha mara mbili au tatu, hivyo mwanga humulika mara 48 au 72 kwa sekunde, na ukuta hauonekani kupepesa. Filamu ya dakika sita ina picha 8,640. Wachoraji, kwa kuwahurumia wasimamizi wa fedha na pia vidole vyao, aghalabu huchora mchoro mmoja kwa kila picha mbili. Hata hivyo hubaki michoro 4,320. Michoro 12 kwa sekunde hutosha kuwaridhisha walinzi wa barabara katika mambo mengi. Ikipungua sana chini ya hapo, mwendo huanza kurukaruka.

Kazi hiyo isingewezekana kibiashara kama kila mchoro ungechorwa mzima, pamoja na ukuta, meza na maboga. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza ya kuchora wahusika juu ya karatasi angavu za selulosi, zilizowekwa juu ya mandhari iliyochorwa mara moja tu. Max Fleischer mwenyewe alipata hataza mwaka 1917 ya mtambo wa kutupia picha za filamu ya kawaida chini ya kioo, moja moja, ili mchoraji azifuate kwa kalamu. Ndugu yake Dave alivaa nguo za mchekeshaji na kurukaruka mbele ya kamera, na kutokana na mirindimo yake akazaliwa Koko, katuni ya kwanza ya studio hiyo kupata jina. Ndiyo sababu katuni za Fleischer zina mwendo wa majimaji unaozitofautisha na nyingine za wakati wake: hata palipokuwa hapana mtu wa kufuatwa, mkono wa mchoraji ulikuwa umezoea viungo vya mtu halisi.

Vugiri

Kusini mwa milima hiyo ya Usambara ya Magharibi, juu ya Korogwe, kuna mahali paitwapo Vugiri. Hapo, kuanzia mwaka 1935 hadi mwaka 1937, palikuwa na makao ya mpango ulioitwa kwa kifupi BEKE, yaani Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Mpango huo ulianzishwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka shirika la Carnegie la New York. Msukumo ulitoka kwa J. Merle Davis, aliyekuwa amechunguza maisha ya wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ya kila siku iliongozwa na Meja L. A. Notcutt, aliyejua mashamba makubwa ya Afrika Mashariki, na G. C. Latham, aliyekuwa ofisa wa elimu. Wawili hao waliandika habari za jaribio lao katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1937.

Vugiri ilikuwa studio kamili kwa kipimo cha wakati huo. Filamu za ukanda mwembamba wa milimita 16 zilipigwa na kusafishwa huko mlimani. Waigizaji walikuwa Waafrika. Mambo yaliyoonyeshwa yalikuwa malaria ya watoto, safura, kilimo cha chai na kahawa, mmomonyoko wa udongo, benki ya akiba ya posta, na kodi. Mtu anaweza kutambua kwa urahisi ni yapi kati ya hayo yaliyokuwa ya manufaa kwa mtazamaji na ni yapi yaliyokuwa ya manufaa kwa serikali. Sauti haikuandikwa juu ya filamu yenyewe, bali juu ya sahani za santuri. Hilo lilikuwa wazo la busara, kwa maana filamu moja iliweza kusema Kiswahili huku na lugha nyingine kule kwa kubadilisha sahani tu. Lakini lilikuwa na taabu yake: sahani na filamu ni mitambo miwili, na mmoja ukitangulia kwa sekunde mbili, mdomo wa mganga husema maneno ya mgonjwa. Lori lenye mtambo wa umeme lilizipeleka filamu hizo vijijini na mijini katika makoloni kadhaa ya Afrika Mashariki na ya Kati.

Neno "Wabantu" katika jina la mpango linastahili kutazamwa kidogo. Lilichukulia kwamba mchimba shaba wa Kibemba, karani wa Nairobi na mkulima wa Kisambaa ni mtazamaji mmoja, mwenye jicho moja na akili moja, anayeweza kupimwa kwa jaribio moja. Na si kwamba ushahidi wa kinyume haukuwapo. Mwaka 1929 mwanabiolojia Julian Huxley alizunguka Afrika Mashariki akiwa na filamu chache, mojawapo ikihusu kilimo cha pamba, akazionyesha kwa wanafunzi na watu wengine wa Tanganyika, Kenya na Uganda. Aliridhika kwamba walizielewa na kuzifurahia.

Serikali za makoloni hazikukubali kubeba gharama, na Vugiri ikafungwa mwaka 1937. Ilipoundwa Idara ya Filamu ya Makoloni mjini London mwaka 1939, iliongozwa na William Sellers, mtu wa idara ya afya ya Nigeria aliyekuwa na imani yake thabiti. Kwa maoni yake, mtazamaji wa kijijini Afrika hakuweza kufuata sinema ya kawaida. Kwa hiyo kila picha ikae muda mrefu. Pasiwe na mikato ya ghafla. Hila zote za kamera ziepukwe. Kwa kanuni hizo, karamu ya Betty ingekuwa marufuku tangu dakika ya kwanza, kwani katuni yote ni hila ya kamera. Kanuni hizo zilifuatwa kwa miaka mingi, na zilizaa filamu za polepole ambazo hata mwenye subira alizichoka.

Kuku na mbu

Imani hiyo ililishwa kwa visa. Kinachosimuliwa zaidi ni cha mbu: eti watu walionyeshwa picha kubwa ya mbu, wakasema kwamba kwao hakuna malaria kwa sababu mbu wao ni wadogo. Kisa hiki kimesimuliwa juu ya nchi nyingi mno kiasi kwamba ni vigumu kukiamini. Hata kama ni kweli, msemaji huyo alikuwa ametambua kwamba mchoro ni mbu, na tena alikuwa amelinganisha ukubwa wake. Hayo si matendo ya mtu asiyeona picha. Yamkini pia alikuwa akifanya mzaha, jambo ambalo waandishi wa ripoti hawakulifikiria.

Kisa cha pili ni cha kuku. Mwaka 1961 John Wilson wa London alisimulia kwamba filamu juu ya usafi wa kijiji ilionyeshwa mahali fulani Afrika kwa watu wapatao thelathini. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Waonyeshaji hawakujua kwamba katika filamu yao kuna kuku. Waliichunguza picha kwa picha, wakamkuta kweli, pembeni, amepita kwa muda wa sekunde moja. Mwaka uliofuata Marshall McLuhan wa Kanada alikitumia kisa hicho katika kitabu chake kuwa ushahidi kwamba mtu asiyesoma haoni picha nzima bali vipande vyake. Lakini kisa kinaweza kusomwa kwa namna nyingine, iliyo rahisi zaidi. Kati ya kundi lile zima, wasioona kuku walikuwa ni waliotengeneza filamu.

Wazungu nao wana kisa chao. Inasemwa kwamba huko Paris, mwaka 1896, watu walikimbia kutoka ukumbini walipoona filamu ya ndugu Lumière ya treni ikiingia stesheni. Wanahistoria wanakitilia shaka kisa hicho. Hata hivyo hakuna aliyekitumia kudai kwamba Mfaransa hawezi kufuata sinema, au kwamba atengenezewe filamu za pekee.

Upungufu mkubwa wa hoja hizi zote ni wa kisayansi. Mtazamaji akishindwa kueleza filamu aliyoonyeshwa Vugiri au Nigeria, sababu zinaweza kuwa nyingi: taa ilikuwa hafifu, sauti ilichelewa, lugha haikuwa yake, habari ilihusu vitu asivyovijua, au aliona aibu kumjibu mzungu mwenye daftari. Ili kuitenga sababu moja, hapana budi nyingine zote zishikwe zisibadilike. Jaribio la namna hiyo lilichelewa sana kufanywa.

Mtoto wa Marekani na wanakijiji wa Uturuki

Swali la pili, la kutambua michoro, lilijibiwa mwaka 1962. Wanasaikolojia Julian Hochberg na Virginia Brooks wa Marekani walieleza jinsi mtoto mmoja alivyolelewa hadi umri wa miezi 19 bila kufundishwa picha yoyote. Vitabu vyenye picha viliwekwa mbali naye, na hakuna aliyemwambia "hiki ni kiatu" huku akionyesha mchoro. Alijifunza majina kwa vitu vyenyewe na vichezeo. Kisha akaonyeshwa michoro ya mistari mitupu na picha za kamera za vitu alivyovijua, akavitaja kwa majina. Mistari ya katuni, basi, si herufi zinazohitaji mwalimu. Mchoro mzuri humpa jicho mipaka ile ile ya umbo ambayo jicho huitafuta katika kitu chenyewe.

Swali la tatu, la kisa na mikato, lilisubiri mpaka mwaka 2010. Stephan Schwan na Sermin Ildirar walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji vya milimani kusini mwa Uturuki, ambako walikuwa wamepata watu wazima ambao hawakuwa wamezoea filamu wala televisheni. Waliwaonyesha filamu fupi fupi zenye mikato ya kawaida ya sinema, na kulinganisha maelezo yao na ya watu wenye mazoea. Kwa baadhi ya mikato watazamaji wapya walipata shida. Kwa mfano, ilikuwa vigumu kwao kujua kwamba picha ya nje ya nyumba na picha ya ndani yake zinahusu nyumba hiyo moja. Lakini kilichoamua zaidi ni ikiwa picha zilifuata mfululizo wa kazi wanayoijua. Mwenendo wa kazi uliozoeleka ulipokuwapo, waliivuka mikato na kueleza habari yote kwa usahihi.

Utafiti huu unawahusu sana watu wa Usambara, japokuwa haukufanywa kwao. Tuwatazame tena watazamaji wa karamu ya Betty. Mahali pa kwanza, pa shamba, upepo, baridi na sanamu ya kutishia ndege, mzee wa Malindi yuko nyumbani kabisa. Yamkini ana habari zaidi juu ya sanamu hizo kuliko kijana wa New York ambaye hajawahi kuwinga ndege. Atacheka panapostahili. Jitu lisiloalikwa linalovuruga sherehe nalo halihitaji tafsiri katika nchi yoyote. Atasimama wapi? Atasimama kwenye boga lenye mshumaa na kwenye mwanamke juu ya ufagio. Boga atalitambua kuwa boga, na ufagio kuwa ufagio, kisha atauliza kwa nini watu wazima wamechoma mshumaa ndani ya mboga. Swali hilo hujibiwa kwa sentensi mbili, kama lilivyojibiwa mwanzoni mwa makala haya, wala halihusu macho.

Mkazi wa New York naye angesimama vivyo hivyo kama angeonyeshwa katuni inayoanza na ngano za Kiafrika. Kwa bahati njema, katuni hizo sasa zipo. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ulichukua sura na rangi zake kutoka mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Mwaka 2014 televisheni ya Tanzania ilianza kuonyesha Ubongo Kids, katuni ya hesabu na sayansi iliyotengenezwa Dar es Salaam. Katuni hiyo ina mikato ya haraka, nyimbo, wanyama wanaosema na hila za kila aina, yaani yote ambayo idara ya London iliyaogopa, na watoto wa vijijini huifuata bila taabu.

Mwalimu anayetaka kuyaona mambo haya darasani hahitaji lori wala mtambo wa umeme. Daftari moja linatosha. Kuanzia ukurasa wa mwisho, katika pembe ya chini ya kulia, mwanafunzi achore sanamu ya kutishia ndege. Katika ukurasa unaotangulia aichore tena, mkono umeinuka kwa upana wa mstari mmoja wa penseli. Aendelee hivyo mpaka kurasa 24. Karatasi iliyo chini huonekana kidogo kupitia ya juu, nayo itamsaidia kufuata mipaka. Kurasa zikiachiwa chini ya kidole gumba kutoka nyuma kwenda mbele kwa muda wa sekunde mbili, hiyo ni michoro 12 kwa sekunde, sawa na katuni ya mwaka 1933. Kisha mkono uinuke kwa upana wa kidole kizima katika kila ukurasa badala ya mstari mmoja, na kurasa ziachiwe tena kwa kasi ile ile. Safari hii mkono hautainuka. Utatoweka hapa na kutokea pale, kwa sababu taarifa za walinzi wawili zimekuwa mbali mno kuweza kuhesabiwa kuwa ni za lori moja.